John Woo au Johnnie To: uanze na yupi?

Wakikutana watu wanaopenda filamu za bastola za Hong Kong, ubishi hauchelewi kufika kwenye majina mawili ya waongozaji. Kuna John Woo, mzee wa njiwa na bastola mbili mikononi. Na kuna Johnnie To, ambaye watu wake wanaweza kusimama kimya, macho makavu, muda mrefu kabla risasi ya kwanza haijatoka. Huyu ana wapenzi wake na yule ana wake, na wengi wamemwona mmoja tu vizuri. Siku za karibuni nimekuwa nikizirudia filamu zao, za zamani na mpya, na ninamwandikia mtu mwenye jioni mbili tatu za nafasi ambaye hataki kuzipoteza.

Tofauti yao kubwa naisema mapema. Woo anataka ujue anayefyatua risasi anahisi nini. To anataka ujue kila mtu aliyemo kwenye picha amesimama wapi. Ukilishika hilo, mengine yanafuata: kamera, muziki, kasi, hata namna watu wanavyokufa.

Walikotoka

Woo alizaliwa Guangzhou mwaka 1946 na kukulia Hong Kong katika ufukara. Mwaka 1953 moto mkubwa uliteketeza mabanda ya Shek Kip Mei, na familia yake ikawa miongoni mwa maelfu waliobaki bila makazi. Alisomeshwa kwa msaada uliopitia kanisani, na kuna wakati alitamani kuwa mchungaji. Baadaye akawa msaidizi wa Chang Cheh katika studio za Shaw Brothers, muongozaji ambaye filamu zake zilijaa mapanga, viapo vya udugu na vifo vya kishujaa. Kanisa na Chang Cheh ndio waliomlea. Ndiyo maana filamu zake zimejaa mishumaa, sanamu za watakatifu, na rafiki anayekufa kwa ajili ya rafiki.

To alizaliwa Hong Kong mwaka 1955 na kazi aliijulia katika televisheni ya TVB. Mwaka 1996 yeye na mwandishi Wai Ka-fai walianzisha kampuni ya Milkyway Image, na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwaka uliofuata Hong Kong ilirudishwa kwa China, mtikisiko wa uchumi wa Asia ukaingia, na diski za wizi zilikuwa zimeanza kuikausha biashara ya sinema. Woo alikuwa ameshahamia Marekani. To alibaki na fedha kidogo na waigizaji walewale filamu baada ya filamu: Anthony Wong, Francis Ng, Simon Yam, Louis Koo, na yule mnene asiyesahaulika, Lam Suet. Mimi naamini uhaba huo ndio uliomtengeneza. Mtu asiye na fedha za kulipua jengo hulazimika kufikiri nani asimame nyuma ya nguzo ipi.

Hospitali mbili

Ukitaka kuwapima kwa mizani moja, chukua Hard Boiled ya Woo (1992) na Three ya To (2016). Zote mbili zinaishia hospitalini, zote kwa majambazi na polisi kufyatuliana risasi katikati ya wagonjwa. Kwa kweli sijui njia nyingine iliyo rahisi zaidi ya kuwaona hawa wawili walivyo.

Katika Hard Boiled, Chow Yun-fat ni askari anayeitwa Tequila, na Tony Leung Chiu-wai ni askari mwenzake aliyejipenyeza ndani ya genge. Hospitali imegeuzwa ghala la silaha, na kuanzia mapambano yanapowaka filamu haipumziki tena. Kuna kipande kimoja, karibu dakika tatu bila kukatwa, ambapo wawili hao wanasafisha korido ya ghorofa moja, wanaingia kwenye lifti, wanatoka ghorofa nyingine na kuanza kusafisha korido ya pili. Korido hiyo ya pili ni ileile ya kwanza. Wakati waigizaji wako ndani ya lifti wakizungumza, mafundi walikuwa nje wakikimbizana na sekunde kuibadilisha sura. Ila kinachobaki moyoni mwangu ni kile kituo kidogo humo ndani ya lifti: mmoja wao amegundua kuwa amempiga risasi askari mwenzake, na uso wake unavunjika. Woo amesimamisha vita yote ili uuone uso huo. Muda mfupi baadaye Tequila anabeba mtoto mchanga mkono mmoja, bastola mkono wa pili, mtoto amezibwa masikio kwa pamba. Ukimsimulia mtu ambaye hajaiona atadhani ni mzaha. Ukiitazama, unamwogopea yule mtoto kwelikweli.

Three inakwenda kinyume kabisa. Jambazi mwenye risasi kichwani anakataa kufanyiwa upasuaji kwa sababu anajua wenzake watakuja kumtoa. Kuna daktari (Vicki Zhao) anayekaribia kuvunjika kwa kazi, na inspekta (Louis Koo) mwenye siri anayotaka kuizika. Karibu filamu nzima inabaki ndani ya wodi na korido zake, na kwa zaidi ya saa moja To anakufundisha ramani yake: kitanda cha nani kiko wapi, pazia gani linafunika nini, nani ameketi karibu na mlango. Mapambano yanapofika, yanakuja kwa mwendo wa polepole, kamera ikielea kati ya vitanda, na kwa kuwa ramani unayo tayari kichwani, unaona kila kosa kabla halijatokea. Humlilii mtu yeyote. Unashika tu mkono wa kiti.

Nikiulizwa ipi bora, kama filamu nzima, ni Hard Boiled, na kwa mbali. Three ina wahusika wa pembeni wanaochosha na sehemu ya kati inayokokota miguu. Lakini kama fundisho la namna ya kupanga watu ndani ya chumba, Three inastahili kutazamwa na kila anayetaka kushika kamera.

Ustadi wa kusubiri

Nguvu halisi ya To haiko Three. Iko kwenye The Mission ya mwaka 1999, filamu isiyofika saa moja na nusu. Bosi wa genge amenusurika kuuawa, akaajiri walinzi watano. Basi. Hakuna mpango mkubwa zaidi ya huo kwa muda mrefu. Tunawaona wakipanda gari, wakishuka, wakifungua milango, wakikaa koridoni nje ya ofisi. Siku moja, wakimngoja bosi, mmoja anaukunja mpira wa karatasi na kuupiga kwa mguu, mwenzake anaupokea, unazunguka hivyo kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila neno. Kufikia mwisho wa kipande hicho unajua kuwa watu hawa watano wamekuwa timu, na hakuna aliyelisema.

Kisha inakuja ile sehemu ya jengo la maduka, wakati wa kufunga. Watano wamejipanga kumzunguka bosi, kila mmoja kwenye pembe yake, bastola zimeinuliwa, na wanasimama. Tu. Risasi inatoka, mtu anasogea hatua moja, kimya kinarudi. Kwa mtu aliyezoea filamu za leo zinazokatwa kila sekunde, mara ya kwanza unaweza kufikiri kuna kitu kimekwama. Hakuna kilichokwama. Kila mmoja analinda upande asiouona mwenzake, na ukimtazama mmoja unajua wanne wengine wako wapi bila kuoneshwa. Mimi naiweka sehemu hii juu ya mapambano mengine yote ya bastola niliyowahi kutazama, pamoja na ya Woo.

Exiled (2006) ni ndugu yake, kwa uzuri wa picha hata inaizidi. Tuko Macau mwaka 1998, koloni la Wareno likiwa karibu kurudi kwa China. Watu wawili wamekuja kumuua rafiki yao wa zamani. Wengine wawili wamekuja kumlinda. Wote wanamngoja nje ya nyumba yake, mkewe akiwa ndani na mtoto mchanga. Anafika na gari la samani. Wanapanda ghorofani, wanahesabiana risasi ili mambo yawe sawa, wanafyatuliana, kisha, kwa kuwa wote ni marafiki, wanasaidiana kupandisha samani, kutengeneza mlango waliouharibu, kupika na kula pamoja. Nani mwingine angethubutu kuweka chakula cha jioni hapo?

Steringi na kifo chake

Sisi tuliokua na msemo kwamba steringi hafi tunapaswa kumheshimu Woo kwa jambo moja: aliivunja sheria hiyo na watu wakampenda zaidi. Katika A Better Tomorrow (1986), iliyotayarishwa na Tsui Hark, Chow Yun-fat anacheza Mark, jambazi mwenye koti refu na kijiti mdomoni. Filamu ilivunja rekodi ya mapato Hong Kong, na vijana wa huko wakavaa makoti marefu kwenye joto lao lile. Mark alipendwa kiasi kwamba, kwa kuwa alikuwa ameshauawa, sehemu ya pili ililazimika kumleta pacha wake.

Katika Woo kifo kina maana. Mtu anakufa kwa ajili ya mwenzake na unabaki na uchungu unaokaribia utamu. The Killer ya 1989 ndiyo kilele. Muuaji wa kukodiwa amemjeruhi macho mwimbaji wa klabu kwa bahati mbaya, naye anachukua kazi ya mwisho ili apate fedha za kumrudishia uwezo wa kuona. Askari anayemwinda (Danny Lee) anaanza kumwelewa kuliko anavyowaelewa wakubwa wake. Kuna wakati wawili hawa wanakutana nyumbani kwa yule dada, bastola zimeelekezana usoni, na kwa kuwa haoni, wanajifanya marafiki wa utotoni wanaotaniana kwa majina ya utani, huku kila mmoja akitafuta nafasi ya kufyatua. Mapenzi na hatari vimeingia kwenye chumba kimoja, na ndani ya uigizaji huo wa uongo urafiki wa kweli unaanza.

To haamini udugu kwa kiasi hicho. Wakati mwingine anautamani, kama Exiled, lakini filamu yake yenye akili kali zaidi, Election (2005), inauchambua bila huruma. Chama cha magenge ya Triad kinachagua mwenyekiti mpya, kama kinavyofanya kila baada ya miaka miwili. Wagombea ni wawili: Lok (Simon Yam), mpole na mwenye heshima, na Big D (Tony Leung Ka-fai), mwenye kelele na fedha za kugawa kwa wazee wa chama. Kinachogombewa ni fimbo ya kale ya uongozi. Hakuna bastola inayofyatuliwa filamu nzima. Kuna mapanga, kuna magogo, kuna jiwe. Mtazamaji wa kwetu aliyewahi kuona kampeni, bahasha na wazee wanaobembelezwa usiku hatahitaji kuelezwa chochote. Na mwisho wake, hapo penye wavuvi, ni mkatili kuliko maiti zote za Hard Boiled zikijumlishwa.

Nani anayevumilia msimulizi

Kuna jambo ambalo watazamaji wa Hong Kong hawalijui ila sisi tunalijua. Wengi wa Tanzania na Kenya tulizipokea filamu hizi kwenye vibanda vya video, sauti ya asili ikiwa imefunikwa na msimulizi, wa mtindo wa Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya. Woo anastahimili hilo vizuri sana. Hisia zake ni kubwa, sura zinaonekana, muziki unasikika hata chini ya maneno, na msimulizi hodari anaweza hata kumwongezea utamu.

To anakufa hapo hapo. Ukijaza maneno kwenye ile korido ya mpira wa karatasi umeshaua filamu, kwa sababu kimya ndicho kilichokuwa kinasimulia. Kwa hiyo kama ulimwona To zamani kibandani ukamwona wa kawaida, mpe nafasi nyingine, kwa Kikantoni chake na maandishi chini ya picha, taa zikiwa zimezimwa na simu mbali.

Woo wa Marekani, na Woo wa karibuni

Ubishi mwingine ni kwamba Woo aliisha alipohamia Marekani. Nalipinga hilo kwa neno moja: Face/Off (1997). Nicolas Cage na John Travolta wanabadilishana nyuso, askari akawa gaidi na gaidi akawa askari, na Woo akapata alichokitafuta miaka yote, maadui wawili ambao kila mmoja ndiye mwenzake. Wakati wanasimama pande mbili za kioo, kila mmoja akimlenga adui kupitia taswira ya uso wake mwenyewe, huhitaji kuambiwa filamu inahusu nini. Mission: Impossible 2 iliongoza kwa mapato duniani mwaka 2000, lakini mimi naiona kama nguo nzuri juu ya mtu asiyekuwepo. Paycheck ya 2003 iache kabisa.

Baadaye alirudi China na kutengeneza Red Cliff katika sehemu mbili, 2008 na 2009, karibu saa tano kwa jumla. Kwa anayependa vita vya kale, majeshi na mbinu za moto juu ya maji, ni karamu. Tafuta sehemu zote mbili kamili. Ile iliyofupishwa kwa soko la nje imekatwa mifupa.

Za karibuni ni mbili. Silent Night (2023) inamfuata baba aliyempoteza mwanawe kwa risasi za magenge mkesha wa Krismasi, naye akapigwa risasi ya koo na kupoteza sauti. Filamu karibu haina mazungumzo. Nusu ya kwanza, ya msiba, imenigusa kuliko nilivyotarajia. Kisasi kinapoanza inapoa, na sababu naiona wazi: Woo anahitaji watu wawili wanaotazamana. Baba huyu yuko peke yake. Mwaka 2024 akairudia The Killer yake mwenyewe, safari hii Paris, Nathalie Emmanuel akiwa muuaji na Omar Sy akiwa askari. Mapambano yamepangwa kwa mkono wa fundi na Emmanuel anabeba kazi yake vyema. Lakini uchungu wa 1989 haumo. Aliyeona hii mpya tu hajaiona The Killer.

Pia niseme la wanawake, maana ni udhaifu wa wote wawili. Kwa Woo wa zamani mwanamke analia, anangoja au anaokolewa. Hiyo mpya ya Paris angalau imelirekebisha kidogo. To naye kwenye filamu za magenge huwasahau kabisa, ilhali upande mwingine wa kazi yake, vichekesho vya mapenzi kama Needing You... ya mwaka 2000 na Sammi Cheng, unaonyesha anaweza kuwaandalia nafasi nzuri akitaka.

Sasa uchague

Kama hujawahi kumwona yeyote kati yao, anza na Woo, na anza na The Killer ya 1989. Si kwa kuwa yeye ni mkubwa zaidi. Nikilazimishwa kubaki na mmoja, ningebaki na To. Ila macho hujifunza To kwa urahisi zaidi yakishashiba Woo. Ukishaona mtu akiruka hewani na bastola mbili, ndipo utakapotambua thamani ya watu watano waliokataa kusogea. Kwa hiyo jioni ya pili iwe The Mission.

Ukiwa na wageni wanaotaka kelele na furaha, weka Hard Boiled au Face/Off, usifikirie mara mbili. Ukiwa na mtu anayesema hapendi filamu za kupigana ila anafuatilia siasa, mpe Election na usimwambie kitu. Watoto waondoke kwa zote hizi. Bullet in the Head ya Woo (1990) iweke mbali na mtu mwenye msiba au aliyechoka moyo: ni vijana watatu wa Hong Kong walioingia Vietnam wakati wa vita, Woo aliitengeneza baada ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Beijing, mwaka 1989, na ni filamu yake yenye maumivu makubwa kuliko zote. Mimi naipenda kuliko Hard Boiled, lakini simpi mtu bila kumwonya.

Na kwa aliyewaona wote wawili akadhani amemaliza, kuna Drug War ya To (2012), iliyopigwa China bara. Mtengenezaji wa dawa za kulevya amekamatwa, adhabu inayomngoja ni kifo, naye yuko tayari kumuuza yeyote ili aishi. Kapteni wa polisi (Sun Honglei) anakutana na mfanyabiashara mmoja akijifanya mtu mwingine, na muda mfupi baadaye anakutana na mtu huyo mwingine akijifanya yule mfanyabiashara wa kwanza, akiiga kila alichokiona, hata kicheko chake. Tazama uso wa Sun kwenye mikutano hiyo miwili, kisha irudie mara moja zaidi kabla hujaendelea.